Bunge la Juu la Majengo

Mwalimu alikuwa hapendi neno "nadhani". Ukilitumia darasani, aliweka chaki mezani, akakutazama, akangoja. Ulijua unatakiwa kufanya nini: ulete sababu, au uifute sentensi yako. "Anayedhani akadhanie kwao," alisema. "Hapa tunahesabu." Hata Bunge lenyewe hakulisamehe. Tulikuwa tukisikiliza vikao kwenye redio yake ndogo, na Spika alipomaliza kuwahoji wabunge akasema anadhani walioafiki wameshinda, Mwalimu aliguna kama mtu aliyekanyagwa kidole. "Anadhani! Watu wamekaa mbele yake, kwa nini asiwahesabu?"

Nimeanza na hilo kwa sababu nataka kumtendea haki, na sijui kama nitaweza. Nilikaa kwenye twisheni yake miaka mitatu. Karibu kila ninachojua kuhusu kufikiri nilikipata kwake. Na kile kinachonichukiza kwa watu wanaofikiri vizuri, nacho nilikiona kwake kwanza.

Chumba chake kilikuwa Majengo, hapa Dodoma, kwenye ghala la zamani la nafaka. Wenye ghala walipohama walimwachia kuta, vumbi na wadudu wa mahindi, ambao hawakuhama. Ukiacha daftari juu ya dawati mwisho wa juma, Jumatatu ulilikuta lina wenyeji. Upande wa nyuma kulikuwa na jukwaa la saruji lililoinuka kufika magotini, mahali magunia yalipopangwa yasipate unyevu wa chini. Ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na mashine ya kusaga. Ilipowashwa, hakuna aliyemsikia mwenzake.

Tuliosoma hapo tulikuwa watu wa kurudia. Wengine walifeli kidato cha nne mwaka uliotangulia, wengine walifeli zamani wakazaa, wakafanya kazi, wakakumbuka tena cheti. Mimi nilikuwa nimepata alama ya Hisabati ambayo mpaka leo sipendi kuiandika. Mwalimu alifundisha Uraia, Historia na Kiswahili. Hisabati na sayansi aliwaachia vijana wa chuo aliowakodi, nao walikuja na kuondoka kama mvua za huku kwetu. Mitihani tulifanya kama watahiniwa wa kujitegemea, tukisajiliwa kupitia kituo chake. Hilo lilikuwa kila kitu. Usiposajiliwa, hata ungekuwa na kichwa cha namna gani, siku ya mtihani ungekaa nje ya geti ukisikiliza kengele.

Katika ghala hilo Mwalimu alijenga bunge. Sisemi kwa mfano. Alijenga bunge hasa, lenye Spika, ambaye ni yeye, lenye katibu, lenye kamati na kanuni zilizobandikwa ukutani kwa gundi ya uji. Hakuna jambo la darasa lililoamuliwa bila muswada. Muswada ulisomwa mara ya kwanza, ukaenda kwenye kamati, ukarudi ukasomwa mara ya pili ukajadiliwa, ukapitiwa kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya tatu. Tulifanya hivyo kwa zamu ya kufagia. Tulifanya hivyo kwa suala la kama mtu anaruhusiwa kula karanga wakati wa Historia.

Na tofauti na Bunge lile kubwa lililoko upande wa pili wa mji, la kwetu lilikuwa na mabunge mawili ndani yake. Waliokaa kwenye madawati, thelathini na kitu, walikuwa Bunge la Chini. Juu ya jukwaa la saruji, kwenye mabenchi mawili, tulikaa sisi wachache tuliozidisha miaka miwili hapo. Hilo lilikuwa Bunge la Juu. Kwa maneno mengine, ili uingie Bunge la Juu ilibidi ufeli kwa uaminifu. Mwalimu hakuona aibu yoyote katika hilo. "Hawa wameshaona matokeo yakibandikwa zaidi ya mara moja," aliwaambia wageni. "Wana kitu ambacho wale wa chini hawana. Wanajua jambo linaweza kwenda vibaya."

Somo hilo alilipenda kuliko yote. Nikifumba macho namwona amesimama katikati, mgongo kwa ubao, soli za viatu zina vumbi jekundu lakini juu vinang'aa.

"Nchi nyingi zina bunge moja, nasi tumo," alikuwa akisema. "Majirani zetu Kenya wana mawili. La chini linahesabu watu. Penye watu wengi, wabunge wengi. La juu linahesabu mahali. Hata pawe na mbuzi wengi kuliko watu, pana mmoja wa kupasemea. Haya, la chini lina nguvu gani?"

"Linashika mfuko!" tunaitikia.

"Na mara nyingi ndilo linaloweza kuiangusha serikali. La juu?"

"Halishiki mfuko!"

"Halishiki. Kazi yake kubwa ni moja tu. Ni kusema, ngoja kwanza, soma tena."

"Kwa hiyo Mwalimu, la juu ni la kuchelewesha watu?" Huyo alikuwa Zuhura, aliyekaa pembeni yangu jukwaani.

"Kuchelewesha, ndiyo. Kwa heshima."

"Basi mimi nina kipaji. Nimechelewesha cheti changu miaka mitatu, kwa heshima."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ubao. Alimpenda Zuhura. Hilo ni lazima niliandike, kwa sababu yajayo yanaweza kumfanya msomaji afikiri hakumpenda.

Zuhura alitoka kwenye ukoo wa wafanyabiashara wa pale pale Majengo, watu wa choroko, dengu na karanga. Alilelewa na baba yake mdogo. Alitaka unesi. Hakutaka kitu kingine, na alitaka kwa namna ambayo ilinitia hofu, maana mimi nilikuwa sijui nataka nini zaidi ya kutofeli tena. Alikuwa mzuri wa Baiolojia kuliko hao vijana waliotufundisha. Hisabati ndiyo iliyomshika mguu, kama mimi. Na mwaka ule wa tatu baba yake mdogo alimwambia waziwazi: huu ni wa mwisho, binti yangu, baada ya hapa unakaa dukani.

Kuna kisa cha dirisha, nacho Mwalimu alikisimulia mpaka kikachakaa. Dirisha letu moja lilitazama mashine ya kusaga. Bunge la Chini lilileta muswada kwamba lizibwe kwa mbao, kelele zimezidi. Ukapita kwa shangwe, madawati yakigongwa. Ulipopanda kwetu tukaukataa, kwa sababu ghala lina bati na mwezi wa kumi tungekaangwa. Chini wakazomea. Mwalimu akaunda kamati ya maridhiano, watatu wao na watatu wetu, nasi tukakaa siku mbili tunagombana kama ndugu wa urithi. Tulichorudi nacho kilikuwa hiki: liwekwe pazia la gunia zito linaloshushwa mashine ikiwaka na kupandishwa ikizimwa. Mwalimu aliposoma azimio hilo sauti ilimkatika. "Mmeona?" alisema. "Wale walisikia kelele. Hawa walisikia joto. Bunge moja lisingesikia yote mawili." Nilimwamini. Neno lile naliamini hata leo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Mfumo wake ulikuwa na hasara zake, nazo nyingine zilichekesha. Katika mtihani mmoja wa majaribio lilikuja swali: Bunge la Jamhuri ya Muungano lina sehemu mbili, zitaje. Jibu lake limo kwenye Katiba: Rais na wabunge. Nusu ya wanafunzi wa Mwalimu, watu waliokula na kulala siasa za ghala, waliandika bila wasiwasi: Bunge la Juu na Bunge la Chini. Mmoja alichora na jukwaa. Mwingine, aliyetaka kuonekana amezama zaidi, aliandika kwamba la pili ni Baraza la Wawakilishi la Zanzibar.

Mwalimu alirudisha karatasi zile akiwa amenywea. "Lile la Zanzibar lina mambo yake," alisema polepole. "Muswada unaopita Dodoma hauvuki bahari kwenda kusomwa tena. Taifa letu lina bunge moja. Majimbo humo, viti maalum humo, wa kuteuliwa humo, wote chumba kimoja. Halafu Rais anasaini. Sehemu mbili, bunge moja. Semeni."

"Sehemu mbili, bunge moja!"

"Kwa hiyo sisi hapa tumeendelea kuliko taifa?" akauliza Zuhura.

Mwalimu alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Hilo msiliseme nje," alisema, lakini alikuwa anatabasamu.

Aliwahi kutupeleka Bungeni, jukwaa la wageni. Tulivaa mashati yaliyopigwa pasi mpaka yakang'aa. Tulionywa tusipige makofi, tusinong'one, tusisinzie. Spika alipofika kwenye kutambulisha wageni, akataja wanafunzi wa kujitegemea kutoka hapa mjini pamoja na mwalimu wao. Tukasimama. Wabunge wakagonga meza. Ilikuwa sauti isiyofika dakika moja, lakini niliona shingo ya Mwalimu ikirefuka. Kwa miezi mingi baadaye, mtu akikaa naye kwa chai, hata kama mazungumzo yalianza na bei ya mafuta ya alizeti, yalifika kwenye meza zile. Nilikuwa naona ni jambo zuri, mtu kufurahia heshima aliyoistahili. Sikujua kwamba kuna watu ambao heshima ikishawaonja, haiwaachi tena.

Nyumbani kwake Makole hapakuwa na bunge hata moja. Nilikuwa nikienda kumsaidia kusahihisha madaftari. Huko niligundua kwamba Mwalimu aliamua peke yake watoto wasome wapi, mbuzi wauzwe lini, mgeni alale chumba gani. Mkewe alimwita Mheshimiwa mbele ya watu, na mumewe alipoondoka aliniambia huku akipepeta mtama: "Huko kwenu nasikia mnasomewa miswada mara tatu. Hapa tunasomewa mara moja, tena jambo limeshafanyika." Nilicheka. Yeye hakucheka.

Zaidi ya yote, Mwalimu alinipa ugonjwa. Hakukubali insha ambayo haijasomwa mara tatu na mwandishi wake. Mara ya kwanza, alisema, unasoma unachotaka kusema. Ya pili unasoma ulichosema. Ya tatu unasoma kama adui yako. Wenzangu walisoma mara moja wakadanganya. Mimi, mwenye woga wa kuzaliwa, nililishika neno hilo kama dini. Mpaka leo siwezi kutuma ujumbe wa simu wa kumwambia mtu nimefika bila kuusoma mara tatu, na ile ya tatu, ya adui, ndiyo inayonimaliza. Nimepoteza kazi kwa sababu barua ya maombi ilikuwa bado iko kwenye mara ya pili wakati dirisha linafungwa. Nimempoteza na mtu mmoja, aliyechoka kungoja jibu. Simlaumu Mwalimu kwa hayo. Namlaumu kwa kuwa yeye mwenyewe, siku ilipohitajika, alisoma mara moja.

Siku hiyo ilikuwa alasiri, wiki ya mwisho ya usajili wa mtihani.

Twisheni za mjini hushindana kwa mabango. Kila moja huchora nje nafasi iliyoshika mwaka uliopita, kwa rangi nyekundu, na wazazi husoma bango kabla ya kusalimia. Sisi tulikuwa hatujawahi kuwa wa kwanza. Mwaka ule, baada ya mtihani wa majaribio, Mwalimu aliona kwamba tunaweza, ila kwa sharti moja. Waliokuwa chini ya alama fulani ya Hisabati wangeondolewa kwenye usajili, wastani ungepanda, na bango lingeandikwa upya.

Alileta muswada, akausoma mara moja tu. Waliofeli Hisabati kwenye majaribio wasisajiliwe mwaka huu, wajiandae kwa utulivu, wasajiliwe mwaka ujao. Alitumia neno hilo, utulivu.

Zuhura alisimama. "Mwongozo wa Spika!"

"Mheshimiwa Zuhura."

"Kanuni iliyopo ukutani inasema Spika haleti hoja akiwa kitini."

Darasa likacheka. Mwalimu akatazama ukuta kana kwamba kanuni zile ziliandikwa na mtu mwingine. Akainuka kwenye kiti, akahamia hatua moja kando, akasema, "Naomba kutoa hoja." Mtu wa dawati la mbele akasema naafiki. Mwalimu akarudi kitini. "Hoja imetolewa na imeungwa mkono," alisema. Safari hii waliocheka walikuwa wachache.

Bunge la Chini halikujadili sana. Wengi wao walikuwa wamepita alama ile, na waliokuwa karibu nayo walitaka waonekane wamepita. Sauti ya ndiyo ilikuwa kubwa. Tukafikiwa sisi wa juu. Tulikuwa saba. Wanne kati yetu, mimi na Zuhura tukiwemo, tulikuwa chini ya mstari. Watatu walikuwa juu yake, hawakuwa na cha kupoteza, na hao ndio nisiowasahau. Alipotuhoji, sote saba tulisema siyo. Hakuna aliyeachwa nyuma. Naisikia bado ile siyo ikigonga bati.

 Mashine ya jirani ilikuwa imezimwa.

Nilisimama. Mimi si mtu wa kusimama, na maneno nilikuwa nimeyapanga kichwani mpaka yakawa magumu. Nilisema mabunge mawili yamepishana, na kwa kanuni zetu panaundwa kamati ya maridhiano. Nilisema tunaweza kukubaliana wale wa chini ya mstari wapewe mwezi wa Hisabati peke yake, wasajiliwe, wapimwe tena. Nilisema kuna mtu hapa ambaye mwaka ujao haupo kwake. Sikumtaja. Wote walimtazama.

"Leo hakuna muda wa kamati," alisema Mwalimu.

"Kwa dirisha tulipewa siku mbili," alisema Zuhura. Hakuwa anatania.

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Halafu alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kutangaza zamu ya kufagia: "Waheshimiwa, nchi yetu ina bunge moja, na haijaanguka. Bunge la Juu nimelivunja. Shukeni."

Hatukuelewa. Ilibidi arudie. "Shukeni, mkae chini na wenzenu."

Tulishuka. Jukwaa lilifika magotini tu, lakini sijawahi kushuka mahali parefu kuliko pale. Madawati yalikuwa yamejaa, baadhi yetu tukabanana ukingoni, wengine wakasimama ukutani. Mwalimu akahoji upya, bunge moja. Ndiyo yao ilikuja, siyo yetu ikaja, na kwa kuwa sasa tulikuwa tumechanganyika, ilisikika kama watu wachache wanaokohoa kwenye umati.

"Nadhani," alisema Mwalimu, "walioafiki wameshinda."

Hakuna aliyemwambia ahesabu. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Yeye aliona.

Vituo vingine vilikuwa vimeshafunga orodha zao. Zuhura alivizungukia vyote kwa miguu, mimi nikiwa nyuma yake na maneno ya kubembeleza ambayo hakuna aliyeyataka. Mwezi uliofuata baba yake mdogo alimwonyesha kiti cha dukani. Matokeo yalipotoka, Mwalimu alikuwa wa kwanza mjini. Alichinja mbuzi. Bango lilichorwa kwa herufi ambazo ungezisoma ukiwa kwenye bodaboda inayokimbia.

Mimi sikurudi. Nilijifundisha Hisabati chumbani, kwa vitabu vya mitumba na kwa kukosea, nikafanya mtihani kupitia kituo kingine, nikapita kwa kuchechemea. Watu wakiniuliza nani alinifundisha nasema mwenyewe. Ni kweli kwa Hisabati.

Miaka imepita. Ghala sasa linauza ndoo na mabeseni ya plastiki. Mwalimu aliacha kufundisha, akahamia kijijini Haneti kulima. Zuhura yupo pale pale sokoni. Nikiwa mjini hupita kununua karanga, hunizidishia kiganja bila kunitazama. Mwaka huu nilimwambia naenda Haneti.

"Kufanya nini?"

"Kumwona Mwalimu."

"Anaumwa?"

"Hapana. Nataka aseme."

"Aseme nini?"

"Kwamba alikosea."

Alikuwa akimpimia mteja dengu. Alimaliza, akafunga mfuko, akapokea noti, akarudisha chenji. "Akisema," aliuliza, "mimi nitakuwa nesi?"

 Akasukuma kwangu mfuko mdogo wa choroko. "Mpelekee. Huko wanalima lakini choroko nzuri hawana. Mwambie Mheshimiwa Zuhura hajambo."

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda kando ya nyumba, anabangua karanga za mbegu. Amepungua. Mabega yaliyokuwa yakijaza mlango wa ghala sasa yameingia ndani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbukwenyi." Alinisalimu hivyo kwa Kigogo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakuuachia haraka. "Unaandika siku hizi, nasikia. Unasoma mara tatu?"

"Mara tatu."

"Vizuri." Alifurahi kweli.

Nilimpa choroko na salamu. Aliuweka mfuko juu ya paja, akaushika kwa vidole kama anayepima uzito. Nilikuwa nimepanga sentensi njia nzima, lakini ilitoka ikiwa mbichi: "Mwalimu, ile siku uliyotushusha."

Nilitegemea aseme amesahau. Nilikuwa na jibu la hilo. Hakusema.

"Mlikuwa sahihi," alisema.

Kuku alipita kati yetu. Alimfukuza kwa mguu.

"Ulijua lini?"

"Mlipokuwa mnasema. Wewe ulivyosimama na kamati yako ya maridhiano, unatetemeka vile, nikasema moyoni, huyu nimemfundisha." Alivunja ganda, akatoa punje, akaitupa kwenye ungo. "Mngekuwa mmekosea ningewaacha. Bunge la Juu likikosea huna haja ya kulivunja. Unaliacha liongee, wewe unaendelea na kazi zako. Mlikuwa sahihi, na watu walianza kuona. Pale mbele kulikuwa na watoto wameshainamisha vichwa. Ningewapa hizo siku mbili, na wa chini wangegeuka."

Nilikuja kutafuta neno hilo, na lilipofika halikuwa na mahali pa kukaa. Nikauliza swali la kijinga, lile ambalo lilikuwa limenikaa kooni kuliko yote: "Tungesajiliwa sote, tungekuwa wa ngapi?"

Alifikiri kwa uaminifu. Huyo ndiye Mwalimu, hata hapo hakutaka kubahatisha. "Wa tatu," alisema. "Wa nne, mwaka ukienda vibaya."

"Wa nne mjini."

"Ehee. Wa nne."

Upepo ulileta vumbi kutoka shambani. Nilisema, "Njoo mjini umwambie Zuhura hayo. Kama ulivyoniambia mimi. Yupo dukani kila siku."

Alikaa na lile wazo. Niliona analigeuza, nikaona na mahali lilipokwama.

"Pale Majengo watu bado wananiamkia kuanzia stendi mpaka sokoni," alisema. "Wananiita Mwalimu. Nikianza hayo mbele za watu, tena dukani..." Akatikisa kichwa. "Mwambie wewe. Wewe una maneno."

"Si maneno yangu."

"Nimeshakupa."

Mkewe alitoka na chakula, ugali wa uwele na mlenda, akatunawisha, akakaa nasi. Alikuwa amezeeka vizuri kuliko mumewe. Hakuniuliza nimefuata nini. Nadhani alisikia yote kupitia dirisha.

Mwalimu akafumba macho kuombea chakula. Sala yake ilikuwa ndefu, iliyopangwa, kila jambo mahali pake. Aliomba mvua. Aliombea wagonjwa. Kisha aliwaombea wanafunzi wake wote waliopita mikononi mwake, popote walipo, kila mmoja apate haja ya moyo wake, na sauti ikamkatika, na najua haikuwa ya kuigiza.

Mkewe aliitikia amina. Mwalimu hakufumbua macho. Alikuwa akingoja amina yangu.

Nilivuta sahani, nikamega tonge, nikachovya mlenda, nikala. Njia ya kurudi mjini ni ndefu, na nilikuwa na njaa.